Nusu ya Maneno ya Amne

Balozi wa nchi iliyofadhili mradi wa maji alipokuja Lukomo kuuzindua, wazee wa kijiji walimchagua Amne asimame naye bombani, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka na hakuwa mtu wa kuogopa wageni. Ujana wake aliumalizia Itigi, akiuza chai na mihogo kwa abiria wa treni pamoja na shangazi yake, na huko alizoea kuongea na mtu wa aina yoyote bila kuinamisha macho. Alikuwa mzaliwa wa Kinyangiri. Akaolewa Lukomo, kijiji kilichojibanza bondeni chini ya mteremko wa Sekenke, akafiwa na mume mapema, akabaki na shamba la alizeti, kuku, na binti mmoja, Rukaiya. Watu walimpenda. Penye msiba ndiye aliyepokea wageni, penye harusi ndiye aliyeanzisha vigelegele.

Shida ya Lukomo ilikuwa maji. Mto wao ni wa mchanga. Mvua zikikatika, maji yanazama chini, na wanawake wanayafuata kwa majembe. Kadiri kiangazi kinavyokolea ndivyo mashimo yanavyozidi kwenda chini, mpaka inabidi mmoja ashuke ndani kwa kata na ndoo, mwenzake abaki juu avute kamba. Kwa hiyo uliposikika mradi wa kisima kirefu, wenye tangi na pampu ya sola, kijiji kizima kilijitolea kuchimba mitaro ya mabomba. Amne alichimba mpaka viganja vikachubuka.

Asubuhi ya ziara, watu wakiwa bado wanafagia uwanja, boza la maji lilipanda mpaka kwenye tangi, likamwaga maji yote humo, likaondoka. Amne aliliona. Akamwendea mwenyekiti wa kijiji, Bonifasi.

"Mwenyekiti, pampu iko wapi?"

"Iko njiani, mama Rukaiya," Bonifasi alisema, jasho likimtoka na jua halijawa kali. "Imechelewa kidogo tu. Sasa ulitaka mgeni afungue bomba kavu? Tutaficha wapi nyuso zetu?"

Amne akachukua ufagio. Aliona kwamba kumwaibisha mgeni mbele ya watu si ustaarabu.

Balozi alikuwa mama mrefu, mpole, aliyejitahidi kusema "shikamooni" kwa wazee, wakamshangilia. Bomba lilipofunguliwa, maji yakaruka, ngoma zikalia, na waandishi wa habari waliokuja kwa basi dogo la waandaaji wa ziara wakasukumana kupiga picha. Mmoja wao akamwomba Amne afungue tena, anywe kwa kiganja, acheke. Akafanya hivyo. Kisha kijana wa redio moja ya Kiomboi, aliyejitambulisha kwa jina la Fredrick, akamsogezea kinasa sauti.

"Mama, unajisikiaje leo?"

"Namshukuru Mungu," Amne alijibu. "Tangu nimeolewa hapa sijawahi kuona maji yakitoka bombani. Leo nimeyashika kwa mikono yangu. Lakini mwanangu, haya yameletwa na boza asubuhi hii. Pampu bado haijafungwa. Tunaomba mgeni wetu asiondoke bila kuambiwa hilo."

Fredrick aliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa, akashukuru, akakimbilia basi lililokuwa limeshawashwa.

Jioni majirani walikusanyika kwa Martha, ambaye nyumba yake na ya Amne zilitenganishwa na ua wa minyaa tu. Martha alikuwa na redio nzuri, na binti yake Anastasia, wa kidato cha nne, ndiye aliyeishika na kutafuta mawimbi. Msomaji wa habari alisema wananchi wa Lukomo wameondokana na adha ya maji. Kisha ikaja sauti ya Amne. Watu wakapiga makofi. Sauti ikasema, "Leo nimeyashika kwa mikono yangu," halafu ikaingia habari ya mpira.

"La boza mbona hujalisema?" Martha aliuliza.

"Nimelisema."

"Mbona hatujalisikia?"

Amne akainuka, akarudi kwake.

Maji ya tangi yaliisha upesi, na pampu haikuja. Gazeti lilikuja, lenye picha ya Amne akicheka karibu na balozi, maji yakimtiririka kidevuni, na Bonifasi akaibandika ukutani ofisini kwake. Kiangazi kilipowabana, wazee wakatumwa ofisi ya maji ya wilaya wakaombe walau boza lile lirudi. Walirudi mikono mitupu. Waliambiwa zamu ni ya vijiji visivyo na maji. "Ninyi si mna bomba? Tumemsikia mama yenu redioni."

Tangu siku hiyo Amne akawa "mama wa redioni". Mwanzoni lilikuwa jina la utani, baadaye likawa la kumsuta. Walisema amehongwa. Alipofika mtoni, mazungumzo yalikatika. Alijieleza mara moja, mara mbili, akaona watu wanamtazama kama wanavyomtazama mtu anayekana kitu kilichosikiwa na kila mwenye masikio, akaacha.

Mabinti wa Amne na Martha hawakuacha urafiki. Anastasia na Rukaiya waliendelea kwenda mtoni pamoja kabla ya shule, na asubuhi moja ya mwezi wa kumi Anastasia ndiye aliyeshuka shimoni. Rukaiya alivuta ndoo ya kwanza. Alipoteremsha kamba tena, ukingo wa shimo ukameguka, mchanga ukaporomoka kwa sauti ndogo, kama ya mtu anayemwaga mtama kwenye gunia. Aliparura kwa mikono, akapiga yowe, akakimbia nyumbani kifua wazi, kwa maana khanga yake ilibaki kule. Wanaume walichimba kwa koleo, halafu kwa mikono wasije wakamjeruhi. Walipomfikia alikuwa amekaa, mikono imeinuliwa juu ya kichwa.

Msibani Amne alikwenda kushika kazi yake ya siku zote, kupokea wageni. Martha alikuwa amekaa kwenye mkeka, hajalia bado. Akamtazama.

"Uliwaambia tuna maji," alisema.

Mwanamke mmoja akamwondolea Amne sahani mikononi, taratibu, na Amne akatoka akakaa nyuma ya jiko hadi mazishi yalipokwisha.

Siku chache baadaye alipanda bodaboda mpaka Misigiri, kisha gari la Kiomboi. Ofisi ya redio ilikuwa juu ya duka la pembejeo. Fredrick alimtambua mara moja, akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kusikia nilichokisema."

Kijana hakubisha. Alifungua kompyuta, akatafuta, na chumba kikajaa ngoma za siku ile na sauti ya Amne mwenyewe, yote, mpaka lile ombi kwamba mgeni aambiwe. Amne alisikiliza mkono ukiwa mdomoni. Kwa miezi kadhaa alikuwa ameanza kujiuliza kama kweli aliyatamka.

"Ulikata wapi?"

Fredrick akaonyesha kwa kidole kwenye kioo. "Hapa."

"Kwa nini?"

"Mama, tulikuja na gari lao, tukala chakula chao. Habari tulipewa imeshaandikwa, mhariri akataka tu sauti ya mama mwenye furaha. Ziara za mabalozi zote zinakwenda hivyo. Ukileta neno baya, safari ijayo huitwi."

"Kuna mtoto amekufa."

Akamsimulia. Fredrick alifunika uso kwa viganja.

"Toa maneno yangu yaliyobaki," Amne alisema.

"Hawataniruhusu. Habari zote zinapita kwa mhariri."

"Na matangazo ya vifo?"

Kijana akainua kichwa. "Hayo nayasoma mimi mwenyewe. Hakuna anayeyapitia." Akafikiri. "Lakini lazima yaletwe na wafiwa, mama."

Amne akarudi Lukomo. Kupita ule ua wa minyaa kulimtisha kuliko safari nzima ya Kiomboi. Alimkuta Martha anapepeta uwele, akamwambia alichokisikia kwenye kompyuta na anachotaka kufanya. Alisema kwa Kinyiramba, lugha yao ya nyumbani, neno lisije likapotoka. Martha aliendelea kupepeta mpaka makapi yakaisha kwenye ungo.

"Nataka nikusikie kwanza kwa masikio yangu," alisema.

Walikwenda wote wawili. Martha alisikiliza ile sauti hadi mwisho, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza, kilio kilichowafanya wateja wa dukani chini wanyamaze. Kisha akamtajia Fredrick maneno ya tangazo, naye akayaandika.

Yalisomwa usiku huohuo baada ya taarifa ya habari: familia ya Martha wa Lukomo inatangaza kifo cha binti yao Anastasia, aliyefukiwa na mchanga akichota maji mtoni, bomba lililofunguliwa na balozi halijatoa maji tena tangu siku ya ziara, mazishi yameshafanyika. Fredrick aliyasoma bila kuharakisha, akayarudia.

Gari lilikuja Lukomo wiki ileile, lakini halikubeba pampu. Lilileta watu waliotaka kujua nani aliyeandika tangazo. Bonifasi alimwita Amne, akamwambia amekivua kijiji nguo mbele ya wafadhili, na kwamba mgeni mwingine hatakuja tena. Redioni ikaanza kusikika sauti ya msichana mpya kwenye matangazo ya vifo. Baadaye watu waliopita machimbo ya Sekenke walisema wamemwona Fredrick huko akiponda mawe ya dhahabu pamoja na vijana wengine, na kwamba hakupenda kuulizwa habari za redio. Kama balozi aliwahi kuambiwa, Lukomo hawakujua. Pampu haijaja hadi leo.

Jina la "mama wa redioni" lilikoma, hata hivyo, na mtoni watu walianza tena kumpisha Amne kwa salamu. Hilo halikumsaidia Rukaiya. Mtoto huyo hakuweza kushika ndoo. Akisikia kitu kinamwagwa, hata nafaka, alitoka nje mbio, na shule akaiacha. Mwishowe Amne akaamua kumpeleka Manyoni kwa yule shangazi aliyeuza naye chai Itigi, ambaye sasa alihamia huko, mahali ambapo maji yanachotwa uani.

Alfajiri ya safari, wakiwa barabarani na begi moja wakisubiri gari, Martha alitokea akiwa amejitanda khanga. Mkononi alikuwa na sweta la shule la Anastasia, limefuliwa na kukunjwa.

"Manyoni nako kuna baridi," alimwambia Rukaiya. "Na shule zipo."

Rukaiya alilipokea kwa mikono miwili. Alilivaa palepale, mikono ya sweta ikampita vidole, na gari lilipofika akapanda nalo.