Fulana ya Desmond

Yule mzee anayetunza kumbukumbu za maandamano ya mashoga kule Brunswick hafui kitu. Fulana, mabango, beji zenye kutu, vyote huvipokea na uchafu wake, akavinusa kwanza kama anayechagua samaki, kisha akaviandikia kadi kwa penseli. Vidole vyake hutetemeka mpaka viguse kitambaa, hapo hutulia. Watu wakimwambia, "Samahani, ni chafu," hujibu, "Ndiyo maana naitaka."

Jumanne, Noelene, dada wa marehemu Desmond, alimletea fulana ya ndugu yake, ambayo mzee alikuwa ameisubiri miaka arobaini. Ilikuwa nyeupe pe, imepigwa pasi.

"Nimeiloweka siku tatu, kaka. Lile doa la shingoni lilikuwa sugu, lakini limetoka."

"Lilikuwa doa la nini?"

"Si alianguka na baiskeli?"

Mzee aliinusa. Sabuni tupu. Siku ile ya maandamano chupa iliporushwa kutoka kando ya barabara, kichwa cha Desmond kilikuwa kikivuja damu mapajani mwa mzee hadi gari la wagonjwa lilipofika.

"Asante, dada," alisema, akavuta kadi. Vidole havikutulia. Aliandika: Fulana ya pamba. Haina doa. Imefuliwa na familia.