Nyekundu Niliyoiita Nyeusi

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilikuwa Jumamosi, na naikumbuka mpaka harufu yake: maranda mabichi na moshi wa kuni za msonobari kwenye sweta langu la shule. Nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha tatu. Mama alinipandisha basi pale Ipogolo nikakae likizo kwa Babu, nje kidogo ya Mafinga.

Najua hujazaliwa. Hata baba yako simjui, na kuandika hivyo kunanitia aibu ingawa hakuna anayesoma. Maneno ya namna hii kwa kawaida husemwa na wazee. Ila nimewasikia wazee wakisimulia ujana wao, na naona makosa yao yameshakuwa mazuri mazuri, ya kuchekesha tu. Mimi nataka nikuandikie nikiwa na miaka kumi na saba, kosa likiwa bado linaniuma, kabla sijaanza kujipendelea.

Babu ninayemsema ni baba yake mama. Alipasua mbao maisha yake yote, na uzeeni macho yakamfifia. Anaona mwanga, anaona kivuli cha mtu, lakini anasema rangi zote zimegeuka majivu. Tangu Bibi afariki, kitu kimoja tu ndicho kinachomtoa nyumbani, nacho ni bwawa lililo bondeni, chini ya shamba la misonobari. Anavua perege kwa ufito wa mwanzi. Hatumii minyoo, anasema inaliwa na vitoto vya samaki visivyo na adabu. Anatumia manyoya ya kuku aliyoyafunga kwa uzi kwenye ndoana, yakiingia majini yanacheza kama mdudu. Ndoana zake alizihifadhi kwenye kopo la dawa ya viatu, na zote zilikuwa nyeusi, manyoya ya shingo ya jogoo.

Kabla sijafika alikuwa ameteleza kule bwawani, akarudi na matope mpaka kiunoni. Mjomba, ambaye ni seremala na nyumba yake imepakana na ya Babu, akaweka sharti mbele yetu sote.

"Mzee, bwawani utakwenda na huyu binti. Yeye ndiye macho. Ukirudi na matope tena, tumefunga. Hutakwenda tena."

"Wewe nilikufundisha kutembea mimi," Babu akasema.

"Ndiyo maana najua kutembea, mzee."

Wakacheka wote wawili, lakini nilimwona Babu akiipapasa fimbo yake kama mtu anayehesabu vidole. Bila bwawa angekaa pale kwenye kigoda tangu asubuhi mpaka jioni, akisikiliza randa ya Mjomba. Sisi sote tulilijua hilo.

Basi Jumamosi hiyo tukashuka, yeye ameshika bega langu. Njia inapita kwenye mfereji wenye tope zito, juu yake pamewekwa ubao mmoja wa kuvukia. Nilimwambia, "Hatua mbili, kisha ubao," naye akavuka vizuri.

Ukingoni tulimkuta Gwakisa. Ni dereva wa lori la mbao, mtu wa Mbeya, na akisubiri zamu ya kupakia huwa anashuka kuvua. Kijana mcheshi. Nitakuambia ukweli, mwanangu: ana meno mazuri, na mimi nikiwa karibu naye nilikuwa nasahau mikono yangu niiweke wapi.

"Kamwene, Babu!" akamwamkia.

"Kamwene. Kihehe chako kina matairi, kijana."

"Matairi kumi, Babu." Akachungulia kopo letu. "Ee! Nyeusi tena? Samaki wa siku hizi wanataka nyekundu. Kwetu Mbeya mtu akionekana anavua na nyeusi, tunakwenda kumpa pole ya msiba."

"Kwenu Mbeya mnavua kwenye sufuria."

Gwakisa alicheka mpaka akakohoa. Alipokuwa anaondoka kurudi kwenye lori lake, akanipitia karibu, akaniwekea kiganjani ndoana yenye manyoya mekundu, mekundu kweli kama pilipili. Akaninong'oneza, "Dada, mfungie hii. Hataona."

Huwa sisemi kitu. Niliitikia kwa kichwa tu, nikakunja ngumi.

Babu aliketi kwenye gogo lake, akauliza anachouliza kila siku kabla hata hajagusa ufito. "Maji leo yana rangi gani?"

"Ya kawaida," nikajibu. Hata sikuwa nimeyatazama. Nilikuwa namtazama Gwakisa akipanda mlima.

"Haya. Funga nyeusi, ile ndogo."

Nikafunga nyekundu.

"Umefunga?"

"Nimefunga."

"Nyeusi?"

"Nyeusi."

Sasa ungetegemea nikuambie kwamba tulikosa samaki. Hatukukosa. Tulipata perege wawili, mmoja mkubwa kuliko kiganja cha Babu, na kiganja cha Babu ni kikubwa. Moyo wangu ulikuwa unaruka. Nilijiona nina akili kuliko wazee wote wa wilaya ya Mufindi. Babu alipokea kila samaki, akampapasa mgongo, akamweka ndooni bila neno. Nilidhani amechoka.

Tukaanza kurudi. Tulipofika kwenye mfereji nikasema kama asubuhi, "Hatua mbili, Babu, kisha ubao."

Akasimama.

"Ubao upo?"

"Upo."

"Upo kweli, au upo kama ile nyeusi?"

Mwanangu, sijui nikueleze vipi nilivyojisikia. Masikio yalipata moto. Naye, kwa kuwa sikujibu, akaachia bega langu, akaanza kuutafuta ubao mwenyewe kwa fimbo. Akaugusa pembeni, akadhani ndipo katikati, akakanyaga hewa. Mguu ukaingia kwenye tope mpaka gotini. Nilimshika mkono, nikavuta, gambuti likabaki ndani. Nikapiga magoti nikalichomoa kwa mikono miwili huku nalia kimya kimya, yeye amekaa juu ya majani, soksi inachuruzika.

"Ulijuaje?" nikauliza mwishowe.

"Wewe nikikuuliza kitu unakifikiria mpaka chai inapoa. Leo nimekuuliza kama ni nyeusi, umenijibu kabla sijafunga mdomo."

Nikamwomba msamaha. Hakuupokea haraka, na hakupandisha sauti.

"Ungeniambia, 'Babu, mimi naona leo nyekundu itafaa.' Tungebishana kidogo, kisha pengine ningekubali. Sikula kiapo kanisani kwamba nitavua na nyeusi." Akakamua soksi. "Lakini kuvua kumenibakizia nini mimi? Samaki simwoni. Maji siyaoni. Nimebaki na kuambiwa tu. Ukiniambia maji yana rangi ya chai, nayaona. Ukisema nyeusi, naiona nyeusi inacheza kule chini. Leo nimekaa asubuhi nzima natazama kitu ambacho hakipo."

Mpaka leo nikiikumbuka hiyo asubuhi nzima, nafunga daftari kwanza, halafu nalifungua tena.

Nyumbani Mjomba alikuwa anapiga msasa mlango. Hakutazama ndoo yenye samaki. Alitazama mguu wa Babu.

"Mzee, tulisemaje?"

Babu alikaa kwenye kigoda chake. Hakunisema. Alisema tu, "Tulisema tumefunga," akaanza kuvua gambuti la pili, taratibu, kama mtu anayevua kitu ambacho hatakivaa tena.

Mimi, mwanangu, ni mtu ambaye mwalimu akiita majina naitikia kwa sauti ambayo jirani wa dawati haisikii. Sijui ile sauti niliitoa wapi. Nilisema, "Mjomba, ni mimi. Nilimdanganya rangi ya ndoana, ndiyo maana hakuamini nilipomwambia ubao upo. Hakuteleza yeye. Nilimtelezesha mimi."

Mke wa Mjomba akatoka jikoni na mwiko. "Nani huyo anayeongea?"

"Huyu," Mjomba akasema, amenikodolea macho. "Kumbe ana sauti."

Alinisema, na alinisema haswa, mbele ya mafundi wake wawili. Kisha akarudia kupiga msasa, akapiga mara tatu nne, akasimama. "Jumamosi ijayo. Moja tu. Nitasimama hapa hapa kumwangalia miguu."

Wiki ile mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Jumamosi tulishuka polepole. Kwenye ubao Babu alijaribu kwa fimbo mara tatu ndipo akavuka, nami sikumharakisha. Nilijua kwa nini.

Alipoketi kwenye gogo akauliza, "Maji yana rangi gani?" Safari hii nilichuchumaa nikayatazama kwanza. Babu alisubiri. Anajua kunisubiri.

"Hapa ukingoni yana rangi ya chai ya maziwa," nikasema. "Mbele kidogo yanaanza kuwa ya kijani, kijani cha sare ya skauti iliyofuliwa sana. Upande wa mti ulioanguka kuna povu na maranda. Nikitumbukiza kidole, naona mpaka kiungo cha pili tu. Kucha siioni."

"Kucha huioni?"

"Siioni, Babu."

Akauelekeza uso bwawani, na naapa alikuwa anaangalia. "Maji ya namna hiyo samaki anahitaji kuonyeshwa. Ile ya kijana wa Mbeya umeitupa?"

"Ninayo."

"Unaonaje wewe?"

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza hivyo, mwanangu. Nilifikiri. "Mimi naona tuijaribu. Ila tusiishushe chini sana, maana huko chini naona ni giza."

"Haya, funga. Ni rangi gani hiyo uliyofunga?"

"Nyekundu."

"Nyekundu," akarudia, akatabasamu kama aliyeiona.

Tulipata watatu pale ukingoni. Kisha samaki wakaacha kula, tukahamia upande wa pili ambako maji yanaingia yakiwa safi, nikamwambia huko naona mpaka mawe. Akasema basi kama mawe yanaonekana turudi kwenye nyeusi, ile ndogo kabisa, na tuishushe. Hapo tukapata mmoja. Gwakisa aliposhuka na kuona nyekundu imelala kwenye kopo letu, alipiga makofi.

"Babu umeokoka!"

"Sijaokoka. Nimeambiwa maji yalivyo. Wewe huwa unayatazama kabla ya kutupa ndoana?"

Gwakisa akayatazama maji, nafikiri kwa mara ya kwanza tangu tumjue. Siku hiyo, kwenye maji safi, nyekundu yake haikushika hata jani. Nilijikaza nikamwambia, "Kaka, jaribu nyeusi," nikampa moja. Mikono yangu ilijua pa kukaa.

Wakati wa kurudi ulipofika, nilianza kuogopa mfereji tangu mbali. Tukasimama pale pale.

"Ubao?" akauliza Babu.

"Upo. Umelowa, na upande wa kulia una ufa, kwa hiyo kaa kushoto. Hatua mbili ndogo, kisha unapanda."

Nilisubiri aitoe fimbo ajaribu. Babu akaichukua fimbo, akaibana kwapani, akaweka mkono begani kwangu. Akapiga hatua mbili ndogo, akapanda, akavuka.

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni na randa mkononi. Akatazama miguu ya baba yake, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto. Akasema, "Karibuni chai."

Sasa nimerudi Ipogolo na shule imefungua. Jumamosi Mjomba ndiye anayemshusha Babu. Juzi Babu alinipigia simu kulalamika: "Huyu mtoto wangu nikimuuliza maji yakoje, ananiambia maji ni maji. Likizo ni lini?"

Kwa hiyo, mwanangu, siku ukiniuliza kama rangi ya ndoana ina maana kwa samaki, nitakujibu ina maana, lakini kidogo kuliko watu wanavyobishana. Maji yakiwa machafu onyesha, yakiwa safi jifiche, na kabla ya yote chuchumaa uyatazame. Mkubwa akishikilia nyeusi nawe unaona nyekundu, mwambie, hata kama sauti inatetemeka. Bishana naye. Ukishindwa, funga anayotaka yeye. Lakini asiyeona usimwambie kilicho tofauti na kilichopo, hata kama unajua kitamletea samaki, kwa sababu kesho utakuwa unamwambia ubao ulipo. Na ukikosea, kama nilivyokosea mimi, sema mapema mbele ya wanaohusika. Nilidhani nitakufa kwa aibu, sikufa. Nilipewa Jumamosi nyingine.

Mungu akupe mtu atakayekusubiri ufikirie jibu. Akupe bega ambalo mzee anaweza kulishika bila kuuliza mara mbili. Na kama Babu atakuwepo bado, nitakushusha bwawani mwenyewe, umketishe kwenye gogo lake, umwambie maji yana rangi gani.