Upande wa Kulia

"Hebu niambie, Kenga, gari yangu uliitengeza au uliisomea dua tu? Maana yalia vilevile. Hata usingizini naisikia."

Bi Hajra alikuwa amesimama mlangoni pa uwanja wa gereji, pindo la buibui kalikamata mkononi, na hakuja na gari. Kenga akatambaa kutoka chini ya tuktuk aliyokuwa akiitengeneza, akaamkia, akaitikiwa marahaba ya mbiombio, na ugomvi ukaendelea pale pale ulipoachwa.

Kenga si mtu wa kubishana. Pale mtaani Kibokoni wamempa jina, Kenga Hofu, na jina limemganda. Kwao Kaloleni. Alikuja mjini kijana kubeba mizigo Makupa, na huko Makupa ndiko alikoona lori likimlalia fundi mmoja aliyeiamini jeki yake. Tangu hapo haingii chini ya gari mpaka aweke magogo, ayapige teke, kisha aitikise gari kama mtu anayemwamsha mlevi. Vijana wa barazani humuuliza kama hata baiskeli ataiwekea gogo. Lakini hao hao wanaomcheka ndio wanaompelekea gari za mama zao, kwa sababu fundi mwenye hofu hasahau kukaza nati.

Basi kusikia gari yalia, akaanza kuikumbuka kazi ile nati kwa nati. Akajitetea polepole. Alimwambia Bi Hajra kwamba gurudumu la nyuma alilifungua mwenyewe. Ule mkono wa chuma unaolishika gurudumu, likapanda na kushuka na mashimo ya barabara, unachezea juu ya beringi, na zile beringi alizikuta zimeanza kuliwa na kutu. Akatia mpya. Akamkumbusha pia kwamba siku ile gari ilikuwa imeegeshwa kichochoroni, ubavu wa shoto umebanana na ukuta hata paka hapiti, ndipo akampigia simu kuuliza ni upande gani. Naye mwenyewe akajibu, upande wa kulia.

"Nilisema, ndiyo," akajibu Bi Hajra. "Upande wa kulia. Ule unaolia."

Kenga akamtazama.

"Mama, kulia si huku?" Akainua mkono wenye spana.

"Huo ni mkono wa kuume, mwanangu. Kulia ni kwa machozi. Gari yalia shoto."

Kenga akaushusha mkono. Yeye alifundishwa shuleni, kulia na kushoto, kwa fimbo ya mwalimu. Bi Hajra wazee wake walitoka Bara Hindi zamani, lakini ulimi wake ni wa Kibokoni, na Kibokoni mkono wa kulia chakula ni wa kuume. Neno moja, watu wawili, na gurudumu bovu halijaguswa.

"Gari iko wapi sasa?"

Bi Hajra akamjibu kwamba Shahid, mwanawe, ameichukua. Yuwaenda Mazeras kwa wakwe na mkewe Sadaf na mtoto. Ametoka sasa hivi.

Kenga akatoa simu mfukoni. Kichwani mwake alikuwa akiuona ule unga mwekundu wa kutu uliomwagika siku ile kwenye beringi. Kama ubavu usiolia ulikuwa hivyo, huo unaolia umebakiwa na nini? Akaliona gurudumu likiinama, tairi likisugua bodi, likipasuka katikati ya malori ya kontena. Akampigia Shahid simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Bi Hajra alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, midomo yamchezacheza kwa dua, na ule ugomvi wote umemtoka usoni.

"Nenda, Kenga," akasema. "Nenda tu."

Maxwell wa bodaboda alimbeba. Njia nzima Kenga alikuwa akichungulia mbele, kila palipo na watu wamekusanyika akidhani ni ajali, kumbe mmoja auza miwa, mwingine agombana na polisi wa trafiki. Aliomba Mungu wake, akaomba na wa Bi Hajra.

Aliwapata Makupa, kwenye kituo cha mafuta, kabla hawajavuka daraja kwenda bara. Shahid alikuwa akijaza upepo, ati gari yavuta upande. Sadaf yuko nyuma, mtoto kalala pajani, ubavu wa shoto, juu ya gurudumu lile lile.

"Mamangu amekutuma unifuate hadi huku?" Shahid akacheka. "Huyu mama sasa ashinda askari."

Kenga alipiga magoti, akaweka shavu karibu na lami. Gurudumu la nyuma lilikuwa limeinama ndani kwa juu, kama goti la mtu aliyebeba gunia zito. Tairi upande wa ndani lilikuwa limelika hata nyuzi zaonekana. Akapandisha jeki, akalishika juu na chini kwa mikono miwili, akalivuta na kulisukuma. Kwaa. Kwaa. Mkono mzima ulikuwa ukicheza kama jino la mzee.

Shahid alisikia. Hakuulizwa, hakuambiwa, alifungua mlango akamtoa mtoto.

Gari haikuendeshwa tena. Ilirudi uwanjani juu ya pikapu, na Kenga akaingia kazini. Alitia alama ya rangi kwenye ile fimbo ya chuma ifanyayo kazi ya springi, isije ikarudi kwa meno mengine gari ikakaa kombo. Fimbo ilikataa kutoka. Akaipasha moto, akaigonga, akaipasha tena. Mkono ulipotoka, beringi hazikuwa beringi, ni unga mwekundu mtupu, na mhimili wake umechimbwachimbwa. Kutia beringi mpya juu ya mhimili ule ni kumdanganya mtu. Akatafuta mkono mwingine kwa Kaizar muuza spea, akatia beringi mpya, akajaza grisi, akaweka mpira wa kuzuia maji, akafunga. Kisha akazunguka gari yote, gurudumu kwa gurudumu, akitikisa. Akazunguka tena.

Shahid aliipeleka hadi Ngome na kurudi. Kimya. Alipoteremka alimshika Kenga bega.

"Siku nyingine nigusie gari kwa mkono, mama," Kenga akamwambia Bi Hajra. "Usiniambie kwa mdomo."

"Nawe siku nyingine uliza Kiswahili, si hicho cha vitabu," akajibu Bi Hajra, akamsogezea kikombe cha chai ya tangawizi. Kenga akakipokea, akanywa funda moja.

Simu ikaita. Ni Mejumaa, mkewe: mama yake ameshuka basi kutoka Kaloleni, yuko stendi na gunia la nazi, hana wa kumbebea. Kenga akanawa grisi, akaaga, akaenda kumpokea mkwewe kwa miguu, akitembea ubavuni mwa kuta, mbali na magari.