Mkono wa Kigego

Nilipokuwa mtoto pale Kigombe, nyumbani kwa Bibi kulikuwa na kikapu kimoja ambacho sikuruhusiwa kukigusa. Kilikuwa kikapu cha ukindu, kipana, cha kuchumia dawa, na kilitundikwa ukutani jikoni pamoja na nyungo na kifumbu cha kukamulia tui. Kifumbu nilikishika kila siku, nyungo nilizipepetea mchele. Kile kikapu tu ndicho kilichokuwa mwiko kwangu, na sababu yake ilikuwa kinywani mwangu.

Niliota meno ya juu kwanza. Kwa watoto wa leo hilo si jambo, mama hucheka akaendelea na shughuli zake. Kwetu, miaka ile ya hamsini, mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na kigego ni nuksi. Wazee walisema kwamba zamani za zamani hakuachwa aishi. Mimi niliachwa, alhamdulillahi, kwa kuwa Bibi yangu, mzaa baba, alinichukua akaninywesha kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya aya, akasema yaliyobaki ni ya Mungu. Lakini ilishikwa nyumba nzima kwamba mkono wangu hauchumi dawa, haupandi mbegu ya kwanza, wala haumpokei mtoto mchanga. Meno yale yaling'oka, nikaota mengine kama watoto wote. Jina halikung'oka.

Bibi alikuwa mtu wa mitishamba. Hakuwa mganga wa ngoma wala wa kupunga pepo, hayo aliyakataa, akisema yanamharibia mtu swala zake. Watu walimjia kwa mambo ya kila siku. Mtoto anayeharisha alichemshiwa vichipukizi vya mpera, mwenye homa alifukizwa nyungu ya kivumbasi na mwarobaini, mwenye kikohozi alipewa kitu cha kutafuna na onyo la kutokunywa maji ya mtungini usiku. Kila alichochuma alianza na Bismillahi, na kila alichompa mtu alimwambia kwamba dawa ni sababu, mponyaji ni Mwenyezi Mungu.

Aliyefundishwa kazi ile alikuwa Mwanahamisi, binti wa shangazi yangu. Tulikuwa rika moja, tukilala mkeka mmoja na kula sinia moja. Bibi alimwita "mke mwenzangu", kwa utani ule wa bibi na wajukuu wake. Asubuhi utamsikia, mke mwenzangu, teremsha kikapu twende tukamtafutie mume wetu dawa ya kiuno. Na Babu alikwisha kufa siku nyingi, basi wanacheka wawili hao mpaka wanapotelea njiani. Mimi sikuitwa mke mwenza. Niliitwa "wewe".

Sitaki kujipamba. Nilimwonea Mwanahamisi wivu hata tukikaa kula tonge halinishuki. Niliwafuata kwa mbali, nikajibanza vichakani, nikasikiliza. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mti hupigiwa hodi kabla ya kuguswa, na mgonjwa hutajwa kwa jina lake na la mama yake. Nilijua kwamba jani huchumwa upande linapotoka jua, na kwamba mchumaji asiuangushie mti kivuli chake, kwa sababu dawa iliyofunikwa na kivuli cha mtu hubaki na mtu huyo, haiendi kwa mgonjwa. Mwanahamisi alikuwa msahaulifu. Bibi akimwuliza, ataanza kuzungusha macho kutafuta jibu darini. Mimi nipo pembeni napepeta, jibu ninalo, nalimeza. Yeye alifundishwa na Bibi, mimi nilifundishwa na wivu, na wivu ni mwalimu asiyesinzia.

Sasa, nje kidogo ya kijiji, kwenye makaburi ya kale ambayo hakuna aliyejua wamelala kina nani, palikuwa na mkunazi mkubwa. Ajuaye mkunazi anaijua miiba yake, mmoja umenyooka unakuchoma, mwenzake umepinda unakushika. Ilisemwa kwamba juu ya mti ule anakaa mwanamke wa kijini, na saa yake ni adhuhuri, jua likiwa la utosi. Mama zetu walituonya tusipite pale wakati kivuli kimejificha chini ya nyayo. Asiye na kivuli, walisema, hana shahidi, huchukuliwa na asijulikane alikokwenda. Mimi niliyaamini hayo kama nilivyoamini kwamba maji ya bahari ni chumvi.

Siku moja mdogo wake Mwanahamisi, Athumani, bado ananyonya, aliamka na homa. Adhuhuri ikamkuta anakakamaa, macho yamegeuka, mikono imekunjika kama ya kuku. Shangazi Mwanajuma alipiga ukelele, nyumba ikajaa wanawake. Hospitali ilikuwa mjini Tanga, na gari la kwenda mjini lilikuwa limekwisha ondoka asubuhi. Bibi alimpakata mtoto akimkanda kwa maji, na hakutaka kumwachia mtu mwingine. Alitaka majani ya mkunazi ya kumwoshea, na mkunazi wa karibu ulikuwa ule ule.

Akamwambia Mwanahamisi achukue kikapu aende, asome Ayatul Kursi njiani, asigeuke nyuma. Shangazi akaniona mimi nimesimama mlangoni. Akaniambia nisogee, nisimtazame mwanawe.

Nikasogea. Nikaendelea kusogea mpaka njiani, nikamfuata Mwanahamisi. Mungu anisamehe, sikumfuata kumsaidia. Nilimfuata ili nimwone akishindwa.

Nilimkuta kabla ya makaburi, amekaa chini kwenye mchanga, kikapu amekivaa kichwani kama kofia, analia. Nikamwuliza anangoja nini.

"Siwezi," akasema. "Nitazame. Kivuli changu kimekwisha."

"Si wewe ndiye mke mwenza? Nenda."

"Nenda wewe."

"Mimi kigego."

Akapangusa kamasi kwa kanga, akanitazama kama mtu aliyepata akili ghafla. "Basi si ndiyo vizuri? Wewe nuksi. Yeye ndiye atakayekukimbia."

Nilitaka kumpiga kofi. Badala yake nikaona kicheko kinanipanda, kicheko cha uchungu, maana kwa mara ya kwanza lile jina lilikuwa na faida. Kama mimi ndiye balaa, balaa gani tena itanipata? Nikakivua kikapu kichwani mwake. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyokiwazia miaka yote ile.

Nilikwenda. Nilipofika nikapiga hodi, nikasema Bismillahi, nikamtaja Athumani wa Mwanajuma. Kisha nikatazama chini kuona kivuli changu kinaangukia wapi, nikakuta hakiangukii popote, nimekikanyaga. Hapo nikaelewa jambo ambalo sijapata kulisikia kwa mtu: saa ile iliyoogopwa na kijiji kizima ndiyo saa pekee ambayo mchumaji hawezi kuutia mti kivuli hata akitaka. Nikajitosa ndani ya matawi. Mwiba ulionyooka ukanichoma, uliopinda ukanishika, nikavuta mkono nao ukanipasua kuanzia kiwiko hadi kiganja. Juu yangu kitu kikapiga mbawa. Sikutazama ni nini, na sitaki kudai leo kwamba alikuwa jini. Huenda alikuwa njiwa.

Mwanahamisi alinipokea kikapu pale pale nilipomwacha. Akaniomba nisiseme. Nikamwambia nitasema, tena mbele ya watu wote.

"Ukisema," akajibu, "mama atayamwaga."

Alikuwa na haki. Shangazi asingekubali jani lililoguswa na mkono wangu limpite mwanawe hata kwa upepo. Basi nikanyamaza. Nikasimama nyuma ya wanawake, mkono nimeufutika ndani ya kanga, nikatazama majani yangu yakipondwa, yakichanganywa na maji, yakimwagwa juu ya Athumani huku Bibi akisoma midomo ikichezacheza. Sijapata kuomba kama nilivyoomba saa ile. Niliomba apone kwa ajili yake, na niliomba apone kwa ajili yangu, na sijui ni dua ipi iliyokuwa na nguvu zaidi.

Alasiri Athumani alilegea, akatoka jasho, akalia kilio cha njaa. Akapewa ziwa akashika. Wanawake wakapiga vigelegele. Shangazi akamkumbatia Mwanahamisi, akatangaza kwamba mkono wa mwanawe una baraka, kila mtu ashuhudie. Mwanahamisi akatazama mkeka. Jirani mmoja akamvisha utepe wa kanga kichwani kama bibi harusi, watu wakacheka kwa furaha.

Sasa dawa ilikwisha fanya kazi yake, hakuna wa kuimwaga. Nikasogea mbele.

"Shangazi," nikasema, "yale majani..."

"Wewe," Bibi akanikata bila kuinua kichwa. "Njoo jikoni unishikie kinu."

Nilimfuata, watu wakinitazama kama mtoto asiye na adabu. Jikoni hapakuwa na kitu cha kutwanga. Bibi alinivuta mpaka mlangoni penye mwanga, akanifunua kanga, akaugeuza mkono wangu huku na huku. Damu ilikuwa imeganda.

"Mwenzio kaenda mkunazini," akasema, "karudi hana hata alama."

Basi alikuwa anajua. Nadhani alijua tangu kikapu kilipoingia. Nilianza kulia, nikamwuliza kwa nini hasemi. Alikuwa anaponda majani kwa vidole ili anipake, hakuacha.

"Nikisema leo mkono wako umeponya, kesho mtoto wa mtu akifa wataniuliza mkono wako ulikuwa wapi. Mwanahamisi akikosea watasema Mungu hakupenda. Wewe ukikosea watasema kigego."

"Kwa hiyo sitafundishwa?"

Bibi alinifunga kitambaa, kisha akauinua mkono wake mwenyewe hewani kana kwamba ameshika tawi, akausukuma mbele polepole. "Mkunazi hauvutwi. Ukikushika, sukuma ndani, mwiba utakuachia wenyewe." Hilo ndilo somo pekee alilonipa kwa kinywa chake maisha yake yote. Kisha akaniambia nirudi kwa wenzangu, nifurahi.

Sikufurahi. Nilikaa na Mwanahamisi mkeka mmoja usiku ule, nimempa mgongo. Lakini tangu siku ile, kila mti wa miiba ulipohitajiwa, alikuja kunigusa bega nikiwa jikoni, tunaondoka wawili kama tunaokwenda kuokota kuni. Nachuma mimi, anabeba yeye. Bibi alituona tukitoka na akatuona tukirudi, wala hakuuliza kuni ziko wapi.

Bibi alifariki baada ya Uhuru. Mkoba wake wa dawa akakabidhiwa Mwanahamisi mbele ya ukoo. Mimi nililia sana, watu wakasema mjukuu huyu alimpenda bibi yake. Nilimpenda, lakini si machozi yote yaliyokuwa yake. Nikaolewa mjini, nikakaa mtaa wa Usagara, nikazaa, nikazeeka. Mwanahamisi alipata jina. Watu walitoka hata Mkwaja kumfuata. Sokoni nikisikia wanawake wanamsifu Bi Mwanahamisi wa Kigombe, nilijifanya nachagua nyanya. Nilikwenda kumtembelea kila Idi, nikala kwake, nikambusu, nikarudi nyumbani nimenuna. Mume wangu akiniuliza nina nini, nasema safari imenichosha. Kuswali niliswali, kufunga nilifunga, na wivu ule niliuombea uondoke. Uliondoka kama paka afukuzwavyo, unakwenda mpaka uani.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, hospitali wakamrudisha nyumbani. Nikaenda kukaa naye. Siku moja, watoto na wajukuu wamemzunguka, akasema anataka nyungu. Binti yake akainuka aende akachume. Mwanahamisi akamshika.

"Hapana. Achume huyu," akasema, ananionyesha mimi. "Dawa ya kwanza niliyosifiwa aliichuma huyu. Na nyingine nyingi."

Maneno hayo nilikuwa nikiyangoja tangu utotoni. Nilikuwa nimeyapanga kichwani jinsi yatakavyosemwa na jinsi watu watakavyogeuka kunitazama. Athumani mwenyewe alikuwepo, mzee wa ndevu nyeupe, ameketi miguuni pa dada yake. Akatikisa kichwa, akaniambia kwa sauti ya chini nimsamehe, dada anaweweseka. Mjukuu mmoja akacheka, akasema huyu bibi wa mjini anajua dawa gani zaidi ya panado. Mwanahamisi akajaribu kuwaeleza, akataja kigego. Mjukuu yule akauliza, kigego ndiyo nini?

Tuliobaki wa siku ile ya mkunazi tulikuwa watatu, mmoja mgonjwa, mmoja alikuwa mchanga hakumbuki, na wa tatu mimi, nikainuka.

Nilikwenda nikachuma. Kivumbasi, mwarobaini, majani ya mdimu. Nikamfukiza kwa mikono yangu, akatoka jasho, akalala vizuri, asubuhi akaomba chai ya tangawizi. Haikupita wiki akafariki. Katika msiba wake nilikaa ukumbini na wanawake nikingoja macho. Nilingoja mtu aseme, nani alimpa dawa ya mwisho? Alichoniambia Bibi jikoni kilikuwa kinanizunguka kama nzi. Hakuna aliyenitazama. Walisema kazi ya Mungu haina makosa, wakaniletea kahawa, wakanipa mto wa kuegemea kwa sababu ya umri wangu.

Basi nimebaki kufikiri. Bibi alinikinga na watu ambao leo wote wamo makaburini, na kwa kunikinga nao alinikosesha kitu nilichokitaka kuliko vyote. Kwa zama zake alikuwa sahihi, nimeona mwenyewe wanawake waliotupiwa maneno kwa sababu ndogo kuliko meno. Je, Athumani aliponywa na mkono wangu? Sijui. Degedege huja na huenda, na mponyaji ni mmoja. Najua tu kwamba nilichuma vizuri.

Kila baada ya swala ya Isha huwaombea waliotangulia. Namtaja Bibi, hilo halinipi tabu. Nikifika kwa Mwanahamisi ulimi husita kidogo, kama mkono wa mtu anayetoa kitu chake mwenyewe. Kisha namtaja, na jina la mama yake.