Wali wa Mchina Nilioufanya Wangu

Mama yangu aliacha kula tulipofika Matrah, bandarini Maskati. Sisemi alipunguza, aliacha. Ilikuwa mwaka wa sitini na tano, miezi ya joto, na tulikuwa wawili tu, mie na yeye, kwenye chumba cha kupanga ambacho kuta zake ukizigusa adhuhuri zinakuunguza kiganja. Mume wangu alibaki Unguja, ardhini, wapi sijui mpaka leo. Nyumba yetu wakaingia watu wengine. Hayo sitayaeleza. Kila mwenye umri wangu hapa Maskati anayajua, na asiyeyajua hataki kuyajua.

Nnataka kueleza chakula.

Kwetu Unguja mie nilikuwa mpishi. Si wa kulipwa, hasha, mpishi wa jina. Arusi ya mtaani petu masufuria hayakuteremshwa jikoni mpaka nimeonja mie. Aliyenifunza ni mama, na mama hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Akila akanyamaza, ujue umepika. Akisema "si haba", siku hiyo unatembea hugusi chini.

Matrah mkono ukanifa. Sina neno jengine. Nikitia chumvi, nimetia mara mbili. Nikipika wali, chini umeungua na juu una kiini. Nazi hakuna, zikija kutoka Malabari ama zimeoza ndani ama zimeshachukuliwa na wenye uwezo wao. Nikampikia mama wali mkavu na papa, akaunusa tu. Akanambia huo wa kumpa mgonjwa. Nikamwambia yeye ndiye mgonjwa, akanigeuzia mgongo.

Akawa anaishi kwa chai na tende. Alikuwa mama wa mwili, mikono imejaa. Haukupita mwezi na nusu, bangili zake zikawa zinapanda mpaka kwenye kiwiko kila akiinua mkono kujipepea. Nikizisikia zinagongana, moyo unanipasuka. Nilikuwa nimeshazika bila kuzika. Sikutaka kuzika tena.

Kwenye kichochoro cha nyuma ya soko kulikuwa na mkahawa wa Mchina. Vijana nikiwahadithia hawaamini: Mchina, Matrah, zama zile? Alikuwepo. Alikuwa mpishi wa meli, akashushwa bandarini anatapika damu, meli ikaenda zake, yeye akapona. Akasilimu, akaoa mwanamke wa Kibulushi aliyezaliwa Unguja, mrefu, mcheshi, Kiswahili chake kama changu. Mkahawa waliuendesha wao wawili na kaka wa mke. Mchina mwenyewe Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota bandarini, lakini alijitahidi kunieleza kwamba yeye si Mchina wa bara, ni wa kisiwani, kisiwa chao kinaitwa Hainani, na wa bara wanawadharau. Nikamuelewa hapo hapo, hata hakuhitaji kumaliza.

Mbele wakikaa wanaume kwenye mabenchi. Kahawa yake haikuwa hii yetu ya iliki na kikombe kidogo kama mboni ya jicho. Ilikuwa nyeusi, nzito, akiichuja kwa mfuko wa kitambaa mrefu kama soksi, akiimimina kwenye kikombe kinene cheupe mpaka inafurika kwenye kisahani. Wazee wa Kiarabu wakimtania kwamba anawanywesha lami, na kesho asubuhi ndio wa kwanza kuingia. Boflo akilikata vipande, akilibanika juu ya makaa, kisha akilipaka siagi na kitu kitamu alichokipika kwa mayai na sukari. Kwao hutiwa tui. Matrah alitia maziwa ya kopo. Na mayai yaliyochemshwa nusu, yanatetemeka kisahanini, wanayanywa kama supu na pilipili manga. Wanawake hatukukaa mbele. Uani kulikuwa na mkeka, aliyekuja kununua akingojea hapo.

Mara ya kwanza niliingia uani kwa sababu miguu ilinishinda. Nilikuwa natoka sokoni mikono mitupu, jua limenikaba, nikaona kivuli. Yule mke hakuniuliza kitu, akanipa maji, kisha sahani. Kuku alichemshwa mzima kwa tangawizi na thomu, nyama laini inateleza, na wali wake ulipikwa kwa supu ile ile na mafuta ya kuku. Mweupe, unang'aa, punje hazijashikana. Ukiutia mdomoni una utamu wa mafuta uliojificha, kama wa tui na si tui. Nikala mpaka nikaona haya.

Tukapatana hapo hapo. Mie nije alfajiri nimkandie unga wa mandazi, yeye anijazie bakuli la mama. Binti wa nyumba yetu, kukanda unga mkahawani! Mama angejua angesema hayo ndiyo matanga ya pili. Nikamwambia nakwenda sokoni mapema kabla ya jua.

Tena lilikuwepo jambo jengine. Watu walikuwa wakisema sufuria za Mchina si safi. Mpishi wa meli za makafiri, wakisema, mikono imeshika nguruwe miaka ishirini, shahada haisugui sufuria. Mama alikuwa ameyasikia hayo kupitia dirishani, na alikuwa mtu wa dini yake hasa.

Nikaubeba wali, nikaupakua nyumbani kwenye sahani yetu. Nilikusudia kumwambia. Wallahi nilikusudia, akishaonja. Mama akachukua tonge la kwanza kama anayepewa dawa. Akatafuna polepole. Akachukua la pili. Mie nimesimama mlangoni na kawa mkononi.

"Leo umepata nazi," akasema.

Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, uso wangu hakuuona vizuri. Ningeweza kusema hapana.

"Nimepata," nikasema.

Akala yote. Akalamba vidole. Kisha akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake tangu kuolewa kwangu: "Mkono wako umerudi."

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaponitetea nami sitaki kutetewa. Si kwamba nilidanganya ili mama ale. Hilo ningejisamehe mwenyewe. Nilifurahi. Nilikwenda uani kwetu, nikakaa juu ya ndoo, nikacheka peke yangu kwa furaha ya sifa ya chakula nisichokipika. Mwanamke mzima, mjane.

Miezi minne nikaendelea. Uongo ukahitaji kulishwa nao. Nazi nimepata wapi? Kwa Mhindi fulani. Kuku mbona laini hivi? Nimemchemsha kwa moto mdogo. Siku moja mama akanambia thomu imezidi, nipunguze. Kesho yake nikamwambia Mchina mama anaomba apunguze thomu, naye akapunguza, masikini, akidhani mama anajua anakula chakula cha nani. Mama akasema sasa ndio sawa. Nikaitikia kama mwanafunzi aliyefuzu. Bangili zikateremka tena mpaka kwenye kifundo cha mkono, zikatulia. Nikajiambia, Mungu ameona, Mungu amenyamaza, basi amekubali.

Kisha nikapatwa na homa. Siku tatu sikuinuka. Mama akarudi kwenye chai na tende, anasubiri nipone. Siku ya tatu adhuhuri tukasikia hodi, na kwa sauti tu nikajua ni nani. Yule mke wa Mchina. Amekuja na bakuli kichwani na jengine mkononi.

Akamwamkia mama, akakaa, akasema, "Nimemletea mgonjwa uji. Na wewe bibi nimekuletea wali wako. Siku tatu hajaja kuuchukua, nikasema bibi wa watu atashinda na njaa."

"Wali wangu?" mama akauliza.

"Si ule wa mume wangu, unaopenda usizidi thomu?"

Mie nilijifunika shuka mpaka kichwani, kama mtoto aliyevunja chungu. Nikangoja mama apandishe sauti. Hakupandisha. Akamshukuru mgeni, akamuuliza hali ya watoto, akamuuliza kwao Unguja mtaa gani, wakapata hata mtu wanayemjua wote. Mgeni alipotoka bakuli la wali likabaki pale pale limefunikwa. Alasiri mama akampa paka wa jirani.

Siku mbili hakusema nami. Uji alinisogezea, maji alinisogezea, neno hakunipa. Siku niliyoweza kusimama akavaa buibui lake na kusema, "Nipeleke."

Tangu tuje hakuwa ametoka mlangoni. Akanishika bega, tukapita vichochoroni, tunajibana ukutani kuwapisha punda wa maji, naye ananukia udi kama anakwenda kuposa. Tulipofika uani hakukaa. Akauliza nani anachinja kuku. Mke akamwambia ni kaka yake, anaelekea kibla na anataja jina la Mungu, na kama anataka atamletea kisu. Mama akaingia jikoni. Akafunua sufuria moja moja, akanusa, akapitisha kidole kwenye ukingo wa ndani. Mchina amesimama na upawa mkononi, jasho linamtiririka, hajui kama huyu ni mgeni au ni serikali.

Mama akamwambia, "Soma shahada."

Mke uso ukambadilika. "Bibi, mume wangu ana miaka minane msikitini."

Mchina akamnyamazisha kwa mkono. Akaweka upawa, akanawa mikono, akasimama wima, akasoma. Zile herufi za kooni zilimkwama, lakini hakuruka neno. Alipomaliza akachukua tena upawa wake, akauliza kwa Kiswahili chake cha bandarini, "Bibi, kula?"

Mama akainamisha kichwa. Mie namjua mama yangu, hakuinamia mtu. "Nisamehe, mwanangu," akamwambia.

Akakaa mkekani, mke akammiminia maji ya kunawa. Akala sahani nzima, kwa adabu zake zote, bila haraka. Akaletewa boflo la kubanikwa akala, akaletewa lami ile akainywa kisahanini kama wazee wa mbele. Mie nimesimama karibu na kuni. Hakuna aliyenikaribisha, na Mchina na mkewe walikuwa watu wa kukaribisha. Lakini waliona mambo yalivyo.

Alipomaliza akasema, hakunitazama, "Chakula chao halali. Kilichokuwa haramu ni ulimi wako."

Yule mke akajaribu kuleta utani, akasema, "Bibi nawe, mtoto alitaka ule tu."

"Angenambia ni wa Mchina ningekataa," mama akasema. "Siku ya pili ningekataa. Ya tatu njaa ingenileta hapa kwa miguu yangu, kama ilivyomleta yeye. Huyu alitaka sifa. Mie nilimfunza kupika, sikumfunza kuiba mkono wa mtu."

Tangu siku hiyo hakula kitu kutoka kwangu. Mke wa Mchina akawa anakuja adhuhuri na magharibi, kwa mapenzi yake, anamkalia mpaka anamaliza. Wanacheka. Mie nikiwasikia nikiwa nje, nafua. Nguo nilimfulia, mgongo nilimsugua, kichwa nilimsuka, hayo yote akiniachia. Chakula tu ndicho hakukitaka.

Na Mungu ana mambo yake. Mkono wangu ukarudi kweli. Nilipata nazi mbili nzima, nzuri, nikazikuna, nikachuja tui zito na jepesi, nikapika wali ambao mie sihitaji mtu kunambia ulivyotoka. Nyumba nzima ilinukia Unguja. Nikamuwekea mbele yake. Niliona pua yake inacheza.

"Nani kapika?" akauliza.

"Mie, mama."

Akafikiri. Hakuwa na hasira. Ningependa awe na hasira. "Nitajuaje?" akasema, akausogeza kando.

Miezi saba iliyobaki ilipita hivyo. Alikufa mwezi wa mfungo mosi, asubuhi, mkono wake umo mkononi mwangu. Baadaye niliolewa tena, nikazaa, wajukuu zangu leo wana vyeo na magari, na wote wanasema hakuna anayepika kama bibi. Mchina na mkewe walihama baada ya mambo ya nchi kubadilika mwaka wa sabini, sikujua wamekwenda wapi. Lakini siku mbili kabla hajafa mama, yule mke alikuwa amejifungua, hawezi kuja. Nikaenda mkahawani mwenyewe, Mchina akanijazia bakuli, nikalibeba.

Mama alikuwa hawezi tena kuinua mkono. Nikakaa ubavuni pake, nikamega tonge dogo, nikalipeleka mdomoni.

"Nani kapika?"

"Mchina," nikasema.

Akafungua kinywa. Nikamlisha matonge matatu. Baada ya kila moja nilingoja aseme kitu, akatafuna tu, macho yake juu kwenye dari. La nne alilikataa kwa kichwa. Chakula hakitupwi, nikalila mwenyewe, pale pale, na yeye akageuza uso akanitazama mpaka nikalimeza.