Chungu cha Miguu Mitatu

Ipo siku moja ya mwaka mpya, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka natema mate chini. Tulikuwa kanisani kwetu Katumba, mvua imepiga tangu alfajiri, watu wamebanana kwenye mabenchi na watoto wao. Mzee wa kanisa, Gaspari, Mungu amrehemu, alikuwa na desturi yake: kila tarehe moja Januari, mwenye neno na mwaka unaoingia asimame alitaje mbele za watu. Huyu ataezeka bati, yule ataacha pombe. Walioahidi kuacha pombe nawajua wote, Salvatori, Bonifasi, Mateso fundi baiskeli, wengine ngoja niwasitiri.

Nilikuwa mwanamke kijana, nimeolewa na Venansi, nina mtoto mgongoni. Nikasimama. Nikasema mwaka huu nitafinyanga chungu ambacho hapa hakijaonekana, chungu chenye miguu yake mitatu, kikae chenyewe motoni bila mafiga.

Watu wakacheka. Salvatori akauliza, "Kikichoka kupika kitatembea kwenda wapi?" Lakini Konsolata wa kwaya akapiga kigelegele, wanawake wote wakamfuata, na mimi nikakaa chini. Nilirudi nyumbani najiona mfinyanzi. Na mikono yangu ilikuwa haijagusa udongo ila ule wa kusiriba nyumba.

Mfinyanzi kwetu alikuwa mmoja, Daforoza, mjane, mtu mzima, anakaa kule bondeni. Vyungu vya mboga, mitungi ya maji, vyote vilitoka mikononi mwake. Kesho yake nikamwendea, nikamwambia, bibi, nifundishe. Akaangalia miguu yangu ilivyojaa matope.

"Shimo la udongo liko chini ya maji," akasema. "Wakati huu hatufinyangi. Hata ukifinyanga hakikauki, na ukikichoma na unyevu wake kinapasuka. Njoo mvua ikikatika."

Watu husema udongo uwahi ungali maji. Ni kweli, lakini kwanza uwe umeutoa shimoni.

Mvua ikakatika. Na kwetu Katumba, mvua ikikatika ndipo tumbaku inakukalia shingoni: kuchambua jani kwa jani, kupanga madaraja, kufunga mizigo. Nikasema nitaenda wiki ijayo. Ikaja harusi ya wifi yangu Leokadia. Yakaja matofali ya Venansi. Yakaja mawingu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema, lakini mimi tumbo halikuniuma hata kidogo, na ubaya ulikuwa hapo hapo. Nikipita njiani watu wananiita "Mama Chungu", na mimi naitika.

Januari nyingine nikasimama tena. Chungu kilekile, miguu ileile, nikaongeza na mfuniko. Vigelegele. Januari ya baada yake, tena. Safari hiyo Daforoza alikuwa benchi la mbele yangu. Akageuka, wala hakupunguza sauti.

"Wewe Melania, hicho chungu unakizaa mara ngapi? Kila Januari unajifungua, kila Julai unazika!"

Kanisa zima likaangua kicheko, hata Gaspari akaficha mdomo. Ibada ilipokwisha nikamfuata Daforoza nje, nalia kwa hasira.

"Bibi, umeniaibisha mbele za watu."

"Sijakuaibisha. Nimekunyang'anya sahani. Umekula vigelegele mpaka umeshiba, na aliyeshiba hapiki, mwanangu. Nenda kashinde njaa. Shimo likikauka nitakuita."

Nikanuna. Na yeye, mwanangu, alitimiza neno lake. Mwezi wa saba akatuma mtu kuniambia shimo limekauka, njoo. Nikajibu, mwambie bibi nina tumbaku. Tumbaku nilikuwa nayo kweli, uongo siwezi kuuandika hapa. Lakini kilichonizuia hakikuwa tumbaku.

Kabla mvua haijarudi, Daforoza alianguka shambani, upande wake wa kulia ukafa.

Kiangazi kilichofuata nilikwenda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama ndani ya lile shimo, nikachimba, nikaubeba udongo kichwani, nikautwanga pamoja na vigae vya zamani kama alivyoniambia. Yeye amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Tumbo la chungu nilifika nalo vizuri. Tukafika kwenye miguu.

"Mnene huo," akasema. Nikaupunguza. "Sasa mwembamba."

"Bibi, kiasi gani?"

Akainua mkono wa kushoto kunionyesha, akaurudisha mapajani. Maneno yake yalikuwa yanatoka upande mmoja wa mdomo.

"Sijui kusema. Kidole gumba hiki cha kulia ndicho kilichokuwa kinajua, na kimelala."

Nilipochoma, miguu ilidondoka. Nikafinyanga kingine, nikainenepesha miguu, kikapasuka motoni. Cha tatu hivyo hivyo. Nikampelekea vipande kwenye ungo, akavipapasa kwa ule mkono wa kushoto muda mrefu.

"Wazo lako lilikuwa zuri," akasema. "Ndiyo maana nilikukasirikia."

Tulimzika masika, kwenye matope. Wapiga vigelegele wote walikuwepo, na Konsolata aliimba vizuri sana. Katika wote hao hakuna aliyewahi kunisimamisha mwezi wa saba akaniuliza, Melania, chungu kiko wapi? Aliniuliza mmoja, na huyo ndiye niliyemnunia.

Sasa naishi hapa Mpanda kwa mjukuu wangu Anjela, fundi cherehani. Mwaka mpya ulipoingia aliandika kwenye simu yake kwamba mwaka huu atabuni nguo za mtindo wake mwenyewe. Wenzake wakamtumia mioyo na mioto, simu ikalia siku nzima, na yeye anacheka nayo. Nikamuuliza, nguo ya kwanza utaikata lini? Akasema, "Bibi na wewe, mwaka si ndiyo kwanza umeanza?" Sasa ni mwezi wa nane na anashona sare za shule. Nimemuuliza tena. Amenuna.

Basi sikilizeni, nyie mnaokaa kupanga malengo ya mwaka. Kuwaza kitu kipya kunapendeza, hata kitandani mtu anawaza. Lakini kalenda ina mwaka wake na kazi ina mwaka wake, na hiyo miwili haianzi siku moja. Kabla hujaahidi, uliza kazi yako inafanyika msimu gani, na msimu huo nani mwingine anaitaka mikono yako. Hapo ndipo pa kupigana, maana mume atakuwa na tumbaku yake na wifi atakuwa na harusi yake, na wote watakuwa na haki. Usiwatangazie watu. Ukishindwa kunyamaza, mwambie mmoja mwenye ulimi mkali, na akikuuliza usimnunie, mjibu kwa kitu kinachoshikika. Na anayejua kwa mikono yake, mwendee sasa hivi, hata kama shimo limejaa maji. Kaa tu umwangalie anavyoshika jembe, anavyoshika mwiko, anavyobana. Kinywa hakirithishi yote. Mimi nilidhani kinarithisha.

Kile chungu mpaka leo nakiona nikifumba macho, miguu yake imepinda nje kidogo. Hakuna mwingine anayekiona, na nikiondoka ndiyo basi.

Mungu akupe, mwanangu, kiangazi kirefu na mikono mizima, akuwekee mtu wa kukukemea, na akufikishe kwa mtu huyo angali na nguvu. Amina.