Jina la Filda Ndani ya Ngoma

Lokule wa Koboko ana spika nne, jenereta moja, na mdomo ambao ungemfaa wakili. Kwenye arusi, kipaimara au kampeni, yeye ndiye anayeitwa, na katika kila wimbo anaoupiga amepachika sauti yake mwenyewe ikinguruma, "Lokule! Namba wan Koboko!" Amepachika hata kwenye nyimbo za kwaya. Padri alilalamika kwamba katika wimbo mmoja Bikira Maria ametajwa mara mbili na Lokule mara tano. Lokule akapunguza zake zikabaki tatu.

Ujanja wake mkubwa, hata hivyo, ulikuwa ule uliompatia mke.

Miaka kumi na mbili iliyopita alikuwa na kibanda cha kuwajazia watu nyimbo kwenye simu. Siku moja ikamfikia albamu ya Mzungu fulani, ule muziki wa disko unaotengenezwa kwa kompyuta, iliyokuwa ikivuma dunia nzima. Katika wimbo wa tatu mwanamke anaimba kwa Kiingereza "feel the music", yaani usikie muziki, ila mashine inamkata kabla hajaufikia huo muziki, inamrudisha nyuma, inamkata tena: fil-da, fil-da, fil-da. Ng'ambo ya barabara binti mmoja aliuza samaki wakavu, na alikwisha kumkataa Lokule mara tatu. Jina lake Filda.

Lokule alimwita, akamvisha vifaa vya masikioni. "Sikiliza," akasema. "Mimi natuma jina yako mpaka Ulaya. Ile mutu naimba wewe."

Filda alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akarudi kwa samaki wake. Mwezi haukuisha akakubali kuolewa. Wimbo ukasambaa, ukawa unapigwa kwenye mabasi ya Arua na kwenye saluni, na kila ulipolia Filda alinyoosha shingo, wanawake wa soko wakimwonyesha kidole. Lokule alicheka naye, lakini moyoni alikuwa na hofu moja isiyomwacha: siku Filda atakapojua, ndoa itabaki na nini?

Mwaka huu Elena, mdogo wake Filda, alikuwa anaolewa kule Ludara. Filda akatoa amri: ile albamu ipigwe yote, toka wimbo wa kwanza. Diski ya zamani ilikuwa imechubuka vibaya, ikabidi Lokule aende Arua kwa Agnes Keji, binti wa dada yake, mwalimu wa Kiingereza mwenye kompyuta.

Walikaa wakaisikiliza tangu mwanzo. Lokule alishangaa. Zamani aliona albamu hii imeteremka kutoka mbinguni. Sasa akagundua nyimbo kumi na nne ni nyimbo mbili tu, zilizobaki zimebadilisha shati. Ngoma inapanda, inapanda, unashika roho, halafu inaanguka palepale ilipoangukia kwanza. Alitaka kucheka. Ndipo ukaja wimbo wa tatu. Alimwona Filda yule wa samaki wakavu, na vile vifaa masikioni, akimtazama.

Kwenye kioo cha kompyuta maneno ya wimbo yalikuwa yakipita moja moja. Agnes Keji akayasoma, akaweka mkono mdomoni.

"Mjomba! Hii hapana jina ya anti!"

"Nyamaza, mtoto wa dada yangu."

"Lakini sisi yote naamini! Hata mimi nasema shuleni, anti yangu iko ndani ya muziki!"

"Nakuomba. Hapana sema kwake."

Agnes Keji alicheka mpaka akafuta machozi, wala hakuahidi neno.

Siku ya arusi, saa tisa mchana, Ludara yote ilikuwa chini ya maturubai. Lokule alipiga wimbo wa kwanza, akapiga wa pili. Wa tatu ulipoanza tu, akamwona Agnes Keji anainuka, anakwenda kumnong'oneza Filda sikioni. Filda akageuka kumtazama mumewe, akaja moja kwa moja kwenye spika.

Mambo yameiva, Lokule aliwaza, afadhali niseme mwenyewe. Akauzima wimbo.

"Filda, samehe mimi! Mimi nadanganya wewe! Ile Mzungu hapana jua wewe! Yeye naimba Kiingereza yake tu!"

Sauti ikamrudia kutoka spika zote nne. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake, kimewashwa. Kisha shangazi wa bwana arusi akaangua kicheko, na wengine wakafuata.

Filda akakizima kile kipaza sauti kwa kidole.

"Agnes naambia wewe nini?" Lokule akauliza.

"Naambia mimi, mjomba hapana kula toka asubuhi. Mimi nakuja kuuliza wewe nataka nyama ao samaki."

Lokule alitamani ardhi impasukie.

"Na ile maneno ya Mzungu," Filda akaendelea, "mimi najua zamani. Ile siku ya kwanza, kwa kibanda yako. Wewe nafikiri mimi hapana soma Kiingereza? Mimi nasikia, nasema ndani ya roho: mutu ya kutafuta uongo mzuri namna hii, sababu yangu mimi, huyu nitachukua. Lakini hawa," akaonyesha maturubai, "hawa walikuwa hapana jua! Miaka kumi na mbili mimi iko ndani ya muziki, leo wewe natoa mimi mbele ya watu!"

Alikuwa amekasirika kweli, macho yamelowa.

"Halafu," Filda akasema polepole, "ile mashine yako naita Lokule, Lokule, Lokule. Hata siku moja hapana ita mimi."

Akageuka kurudi mezani. Lokule aliurudisha wimbo mwanzo, akawasha kipaza sauti. Yule mwanamke wa Ulaya alipofika pale pa jina na mashine ikawa tayari kumkata, Lokule akamfunika kwa sauti yake mwenyewe, iliyopasuka katikati:

"Filda! Namba wan Koboko!"

Filda hakugeuka. Alinyoosha shingo tu, akaanza kumpakulia mumewe samaki.